Kitabu cha Hesabu na Tuta la Mboga: Nasaha kwa Wazazi Wanaosomesha Nyumbani

Mzazi aliyeazimu kuwasomesha wanawe nyumbani, ikiwa ameazimu kwa sababu ya maradhi ya mtoto, au umbali wa shule, au kazi inayomhamisha mji huu hadi mji ule kila baada ya miezi michache, au kwa itikadi tu kwamba nyumba ndiyo chuo cha kwanza na haifai kufungwa mapema, aghalabu huianza kazi yake dukani. Hununua vitabu vya kila somo, chati za kubandika ukutani, ubao, kalamu za rangi na madaftari ya mwaka mzima, na fedha ikisha kutoka ndipo huketi mbele ya mwanawe na kujiuliza waanzie wapi. Mimi naona, na haya nayasema kwa wazazi wa pwani ya Kenya hasa, ijapokuwa walio bara na ng'ambo huenda wakapata fungu lao humu, kwamba mwanzo ufaao ni kinyume cha huo. Kitabu, na hasa kitabu cha hesabu, ambacho ndicho kinachowatia wazazi hofu kuliko vyote, hakichaguliwi mpaka mwanafunzi amejulikana. Na mwanafunzi hajulikani upesi wala kwa yakini kwa mitihani ya kuandika, bali kwa kutazamwa akifanya kazi ya mikono yake inayodai hesabu za kweli. Katika nyumba zetu nyingi kazi hiyo ipo karibu: ni bustani, hata ikiwa bustani yenyewe ni gunia moja la udongo lililosimamishwa pembeni mwa ua.

Kumsomesha mtoto nyumbani si bidaa iliyozuka jana. Watoto wa Lamu, Mombasa na Unguja walisoma vyuoni tangu zamani, na vyuo hivyo mara nyingi vilikuwa ni baraza au chumba katika nyumba ya mwalimu, watu wa nyumba wakipita na shughuli zao huku sauti za wasomao zikisikika njiani. Na wale waliokuwa wamesahau walikumbushwa mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na wanafunzi walio wengi wasirudi madarasani mpaka Januari 2021. Wazazi ambao hawakupata kuwaza ualimu walijikuta wameshika chaki, na baadhi yao walipoona watoto wametulia na wanasoma, hawakuiweka chini tena.

Lakini chaki hiyo leo inashikwa chini ya sheria, na ni wajibu kulisema hili mapema. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemwekea mzazi jukumu la kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria masomo, tena ikaweka adhabu kwa mwenye kupuuza. Basi kabla ya kununua hata penseli, nenda afisi ya elimu ya kaunti ndogo unapokaa, ueleze nia yako kwa adabu na uwazi, uulize unatakiwa kutimiza nini, na uweke nakala ya kila barua uliyoandika na uliyoandikiwa. Tangu mtihani wa darasa la nane ufanywe kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto hupimwa kwa awamu, na kazi alizofanya wakati wa masomo huingia katika alama zake. Kwa hiyo mzazi asiyefanya mapatano mapema na shule au kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani huweza kufika Gredi ya 6 au ya 9 na mtoto aliyesoma vizuri lakini hana nambari ya mtihani. Wanaofuata mtaala wa Cambridge huweza kuwaandikisha watoto kama watahiniwa wa kibinafsi kupitia British Council, ila ada zake si za kila mfuko.

Wala sisemi kila nyumba iingie katika shughuli hii. Nyumba ambayo baba na mama hutoka alfajiri na kurudi magharibi, mtoto akaachiwa simu na yaya mwenye kazi zake nyingine, hiyo haisomeshi. Imemwondoa mtoto shuleni, basi. Kazi hii yataka mtu mzima mmoja, awe mama, baba, shangazi, au babu ambaye macho yake bado mazima, ambaye asubuhi yake ni ya watoto wala haigawanywi na biashara. Akipatikana mtu huyo, elimu yake ya shule haina haja ya kuwa kubwa sana katika miaka ya mwanzo. Akikosekana, shule ya jirani, na taksiri zake zote, ni bora.

Siku ya masomo ya nyumbani haina haja ya kuiga siku ya shule. Mwalimu mwenye watoto hamsini hutumia sehemu kubwa ya wakati wake kungoja, kunyamazisha na kusahihisha. Mwenye watoto wawili hana hasara hiyo, na kazi ya saa tano yaweza kumalizika kwa saa mbili u nusu. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye maandishi yake yanafuatwa hata sasa na wasomeshaji wa nyumbani katika nchi nyingi, alishauri kwamba somo la mtoto aliye chini ya miaka minane lisipite dakika ishirini, na mimi sijaona sababu ya kumpinga. Mpango unaozifaa nyumba zetu, kwa ajili ya joto, ni huu: bustanini saa kumi na mbili na nusu, jua halijapanda, kisha kuoga na staftahi, saa mbili hesabu, akili ikiwa bado mpya, kisha kusoma na kuandika, na saa sita vitabu vifungwe. Alasiri ni ya madrasa kwa wenye kwenda, na ya kazi za nyumbani, na ya kucheza uwanjani na watoto wa mtaa, jambo ambalo mzazi asomeshaye nyumbani hana ruhusa ya kulipuuza, kwa maana mtoto anayekosa wenzake darasani ana haki ya kuwapata mahali pengine.

Sasa nije bustanini. Udongo wa pwani aghalabu ni kichanga. Huyanywa maji upesi na rutuba ikatoweka pamoja nayo, hivyo tuta lisilotiwa samadi iliyooza au mboji halitampa mtoto ila huzuni. Anzeni na mimea isiyochelewesha: mchicha, ambao huvunwa baada ya majuma matatu hadi manne, na kunde, ambazo majani yake huchumwa karibu na wakati huo huo. Bamia hudai saburi ya miezi miwili au karibu yake, na nyanya zaidi ya hapo, tena zina maradhi mengi. Mtoto wa miaka sita asitwishwe nyanya katika msimu wake wa kwanza. Wasio na kiwanja watumie gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni, au madebe makuukuu yaliyotobolewa chini. Vidukari na viwavi wakiingia, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, kisha maji yake yakachujwa na kunyunyizwa, huwapunguza pasipo kumtia mtoto sumu mikononi. Masika huanza Machi na nguvu zake ziko Aprili na Mei. Vuli ni Oktoba hadi Disemba. Na panapo maji ya bomba au kisima bustani ndogo haifungwi na misimu.

Nataka nikae kidogo kwenye tuta moja, kwa sababu humo mna somo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Tuta lina urefu wa sentimita 300 na upana wa sentimita 120, na miche ni ya sukuma wiki, inayotaka nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche na sentimita 60 kati ya mstari na mstari. Mwulize mtoto wa miaka tisa au kumi: mstari mmoja utachukua miche mingapi? Atachukua karatasi agawanye 300 kwa 45, apate 6 na baki 30, aseme sita. Usimsahihishe. Mpe utepe na vijiti, aweke kijiti pa kila mche kuanzia mwanzo wa tuta, naye ataona kwa macho yake kwamba vijiti ni saba. Hapo huuliza, "Mama, mbona vimezidi?" na swali hilo, lililotoka kinywani mwake bila ya kulazimishwa, lina thamani kuliko kurasa nyingi za mazoezi, maana atakapoketi kulijibu atatambua kwamba sita ni hesabu ya nafasi na saba ni hesabu ya miche, na kwamba vitu viwili hivyo si kimoja. Kisha mwulize lile baki la sentimita 30 limekwenda wapi. Mtoto wa shule amezoea kuandika baki na kuliacha. Huyu wa bustanini atasema kwamba si vizuri mche wa kwanza kukaa ukingoni kabisa mwa tuta, basi agawe 30 mara mbili, aache sentimita 15 kila upande. Vivyo hivyo katika upana: mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 60 huacha sentimita 30 huku na 30 kule. Jumla ni miche 14, na mtoto anajua kwa nini ni 14.

Wakati huo mzazi asikae bure. Awe na daftari dogo, aandike anayoyaona: mtoto anahesabu kwa vidole au kwa kichwa, anakisia kabla ya kupima au anaogopa kukisia, akikosea anarudi mwenyewe au anangoja kuambiwa, anaelewa baki ni nini, au ni namba tu aliyofundishwa kuiandika pembeni. Akiwa na watoto wa umri mbalimbali kila mmoja apewe sehemu yake katika kazi ile ile: mdogo ahesabu mbegu ishirini za bamia na kuzipanda, wa kati ahesabu zilizoota, na mkubwa, zikiota 17, aseme hizo ni ngapi katika kila mia. Ni 85, na msimu ujao watajua wapande ngapi ili wapate miche wanayoitaka.

Mvua nayo ina hesabu yake, tena nyepesi kuliko wengi wadhanivyo. Mkebe wenye ubavu ulionyooka ukiwekwa mahali pa wazi, na maji yake yakapimwa kwa rula asubuhi, kila milimita moja ya maji ni lita moja iliyoanguka juu ya kila mita moja ya mraba. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo mwezi wa Mei si kitu cha ajabu, hulimwagia lita 480, nazo ni madebe 24 ya lita ishirini. Mtoto aliyekwisha kubeba ndoo kutoka kisimani hahitaji kuambiwa maana ya idadi hiyo, na bila shaka yeye mwenyewe ndiye atakayemwendea baba yake kuuliza kwa nini nyumba haina mfereji wa kukingia maji.

Fauka ya rula, wafundisheni vipimo vya wazee wetu, si kwa kupamba somo, bali kwa sababu vimejengeka juu ya mbili na mbili na mtoto mdogo huvishika upesi: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, vibaba vinne ni pishi. Basi pima moja ni shibiri nane. Mtoto apime tuta kwa shibiri zake, kisha baba apime kwa zake, na majibu yakitofautiana mtoto mwenyewe atafahamu kwa nini watu walihitaji mita iliyo sawa kwa wote.

Baada ya majuma mawili au matatu ya kazi kama hiyo mzazi atakuwa na kurasa kadhaa juu ya mwanawe, na hizo ndizo za kwenda nazo dukani. Huenda ameona kwamba mtoto anazidisha kwa haraka lakini hajui ni lini azidishe na ni lini ajumlishe. Huyo haja yake ni kitabu chenye mafumbo mengi ya maneno na mazoezi machache ya tarakimu tupu. Mwingine huelewa upesi, na baada ya mwezi amesahau yote. Huyo ahitaji kitabu kinachorudia yaliyopita bila kuchoka. Wa tatu bustanini huhesabu bila taabu lakini akiona karatasi machozi humlenga. Huyo asinunuliwe kitabu kwanza, apewe vitu vya kushika mpaka hofu imtoke.

Vitabu vya kwetu, vile vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya, vina sifa mbili zisizofaa kudharauliwa: bei yake si ya kutisha ikilinganishwa na ya vitabu vinavyoagizwa ng'ambo, na mifano yake ni ya shilingi, mita, kilo na lita, vitu ambavyo mtoto huviona kila siku. Lakini vimeandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyefunzwa, mwenye darasa la watoto wengi, hata mahali pengi mtoto huambiwa ashirikiane na kikundi chake. Kwa hiyo mzazi asinunue kitabu cha mwanafunzi pasi na kiongozi cha mwalimu, maana maelezo yamo humo.

Katika vile vya ng'ambo, viwili vimeenea mno miongoni mwa wasomeshaji wa nyumbani. Kimoja ni mfululizo wa Saxon, uliotungwa na John Saxon, afisa mstaafu wa jeshi la anga la Marekani aliyekuwa mwalimu wa aljebra huko Oklahoma. Kila somo huongeza jambo dogo jipya, kisha mazoezi huchanganya la leo na ya majuma yaliyopita, hata mtoto hapati nafasi ya kusahau. Ni dawa ya yule mwenye kusahau, lakini mwenye akili ya haraka humchosha. Cha pili ni hesabu za Singapore, zilizotokana na vitabu vya shule vya serikali ya nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo mtoto huanza na kitu cha kushika, kisha picha, kisha tarakimu, na mafumbo huchorwa kwa mistatili. Akiambiwa kwamba Ali ana maembe mara tatu ya maembe ya Asha, na jumla yao ni 48, huchora chumba kimoja cha Asha na vitatu vya Ali, aone vyumba ni vinne, kila kimoja 12, na Ali ana 36, bila kujua bado kwamba amefanya aljebra. Kwangu mimi njia hii ni bora kwa mtoto asiyejua ni lini azidishe. Walakini humtaka mzazi aketi karibu, maana ukurasa wenyewe husema maneno machache.

Mwenye kuagiza vitabu vya Marekani akumbuke kwamba vimejaa inchi, futi, galoni na senti za dola, na mtoto wa Kilifi atapoteza wakati kujifunza vipimo asivyovitumia. Kurasa hizo zirukwe bila kuona haya. Aidha, somo la saa katika kila kitabu cha Kiingereza hutofautiana na saa zetu kwa saa sita. Mfundishe mtoto zote mbili siku moja, kwa saa moja ile ile ya ukutani, asije akaona ni elimu mbili zisizojuana.

Ama vitu vya kushika, hapa ndipo fedha hupotea bure. Vijiti vya rangi alivyobuni Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, ambavyo urefu wake ni kuanzia sentimita 1 hadi 10, ni chombo chema sana, lakini fundi seremala wa mtaani aweza kuvikata kutoka katika mabaki ya mbao zake: seti ya kumi, kimoja cha kila urefu, huhitaji mti wa sentimita 55 tu, unene wake sentimita moja kila upande. Kijiti cha mbili na cha tatu vikilazwa pamoja kando ya cha tano, mtoto ameona kujumlisha. Kwa makumi na mamoja hapahitajiki hata seremala. Chukua njiti za ufagio wa makuti zilizokatwa sawa, ufunge kumi kumi kwa uzi, umwekee mtoto mafungu matano na njiti mbili, kisha umwambie akupe 27. Mafungu mawili atakupa mara moja, saba hana. Atatazama, atageuza njiti zake mbili, na mwisho atafungua uzi wa fungu moja, awe na njiti kumi na mbili, atoe saba, zibaki tano, na mafungu mawili kando: 25. Yale ambayo shuleni huitwa kukopa, na ambayo watoto wengi huyafanya kwa miaka bila kujua wanamkopa nani, ameyafanya kwa vidole vyake. Rudieni hivyo siku kadhaa kabla ya kuandika chochote.

Majedwali ya kuzidisha lazima yahifadhiwe, na sikubaliani na wale wanaosema mashine imeondoa haja hiyo. Lakini mtoto asitishwe kwa wingi wake. Jedwali la 10 kwa 10 lina mafungu 100. Ukiondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo hujifunza yenyewe, na ukakumbuka kwamba 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3, yanabaki 21 tu. Yaandikwe kwenye vipande vya karatasi, matatu kwa juma, na kabla ya robo ya mwaka kwisha yamo kichwani. Na jioni, atokee babu au mjomba awafundishe bao: mashimo 32 na kete 64 humzoeza mtoto kuhesabu mbele kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza.

Watoto wakubwa wa nyumba za Kiislamu wanayo hazina nyingine karibu, nayo ni mirathi. Mtu akifa akaacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, na mwana hupata kinachobaki. Thumuni na sudusi hazijumlishwi mpaka zigeuzwe kuwa sehemu za 24: tatu na nne ni saba, basi mwana ana sehemu 17 katika 24. Kijana anayejua kwamba hesabu hii itamgusa siku moja yeye na nduguze hasinzii.

Unapokishika kitabu dukani, au ukikiazima katika maktaba ya taifa iliyoko Mombasa kabla ya kununua, ambalo ni jambo la busara, usisome dibaji wala sifa zilizo juu ya jalada. Fungua pale sehemu zinapoanza. Tazama kama kinaonyesha kwa picha kwa nini nusu na thuluthi hazifanyi mbili katika tano, kosa ambalo kila mtoto hulifanya, ilhali mbili katika tano ni pungufu ya ile nusu aliyoanza nayo. Au kama kinatoa kanuni na kupita. Fungua kurasa hamsini mbele, uone kama yale ya mwanzo yanarudi. Kisha soma somo moja zima na ujiulize kama wewe mwenyewe, bila msaada, waweza kumweleza mwanao usiku huu. Kitabu kisichoeleweka na mzazi hakifai katika nyumba hiyo, hata kiwe kimesifiwa na ulimwengu mzima. Masomo ya intaneti, kama yale ya Khan Academy yasiyotozwa ada, huwafaa vijana waliofikia aljebra na ambao mzazi hawezi tena kuwaongoza; kwa mtoto wa miaka saba simu haishiki mahali pa mtu.

Ukisha kuchagua, tulia nacho. Nimeona nyumba zinazobadili kitabu kila muhula, kwa sababu jirani amesifu kingine au mtoto amekwama juma moja, na matokeo yake mtoto husoma mwanzo wa vitabu vinne na mwisho wa hata kimoja asiujue; mambo ambayo kitabu hiki huyaweka Gredi ya 3 na kile Gredi ya 4 yakaanguka katikati. Kukwama ni sehemu ya kujifunza. Rudini nyuma kurasa kumi, ingieni bustanini na mizani, uzeni mafungu ya mchicha kwa majirani na kuandika faida na gharama, kisha rejeeni kwenye ukurasa ule.

Jamaa watasema. Bibi atauliza kama mtoto amefukuzwa shule, na mjomba atamshtukizia 7 mara 8 mbele ya wageni. Msigombane nao. Wekeni jalada la kila mtoto, lenye kazi zake za kila mwezi zikiwa na tarehe, ramani ya tuta aliyoichora, vipimo vya mvua, na mtihani mdogo wa kila muhula. Jalada hilo humjibu bibi, na humjibu afisa wa elimu pia akipiga hodi.

Basi ndugu mzazi unayetaka kuanza, anza na ile barua ya afisi ya elimu, halafu mbegu za mchicha, utepe wa kupimia, mkebe na daftari lako la kuandika unayoyaona. Fedha ya kitabu cha hesabu iweke kando mpaka mchicha uvunwe. Ukiisha kuvunwa, nenda dukani na daftari lako mkononi, na umchukue mtoto mwende pamoja.